Nambari za Barabara Kuu za Magharibi mwa Kenya na Sadfa Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na abiria kati ya Nakuru na Kisumu, na wanafunzi wanaochora ramani, na madereva wa matrela wanaosubiri zamu yao Malaba. Mengi yanaanza hivi: "Hii ni sadfa tu, au kuna mtu alipanga?" Nimeyajibu kwa kuyapanga kuanzia mepesi hadi magumu. Nambari za daraja B zilizotajwa humu, pamoja na A14 na A23, ni za mpango wa zamani, uliotumika kabla ya 2016, kwa sababu ndizo zilizo kwenye ramani nyingi na ndizo watu wanazozijua.

## Mambo ya msingi

Herufi A, B na C zina maana gani?

Zinaonyesha daraja la barabara, yaani kazi iliyopewa. A ni barabara ya kimataifa: inafika mpakani au bandarini, au inaunganisha vituo vya namna hiyo. B inaunganisha miji mikubwa ndani ya nchi. C inatoka miji ya wastani kuja kuungana na B au A. Chini yake kuna D na E, ambazo ndizo barabara za sokoni, shuleni na mashambani.

Herufi haisemi lolote kuhusu lami. Kwa miaka mingi kipande cha A1 kutoka Kitale kwenda Lodwar kilikuwa cha kuvunja magari, huku barabara kadhaa za C huku kwetu zikiwa laini kabisa. Daraja ni cheo cha barabara. Hali yake ni jambo jingine.

Nani anaziweka?

Serikali, kwa tangazo katika Gazeti Rasmi. Uangalizi umegawanywa tangu Sheria ya Barabara ya 2007: KeNHA inashughulikia barabara kuu za kitaifa, KURA za mijini, KeRRA za mashambani. Baada ya Katiba ya 2010, barabara za madaraja ya chini ziliangukia serikali za kaunti.

Kwa nini A1 iko kwetu magharibi, wakati mji mkuu ni Nairobi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linafungua mengine. Wengi wanadhani nambari moja ni heshima, kwa hiyo ilipaswa kuanzia mji mkuu. Kenya haikuhesabu hivyo. Ilihesabu kutoka magharibi kwenda mashariki.

Tazama ramani. A1 inaingia Isebania kwenye mpaka wa Tanzania, inapita Migori, Kisii, Ahero, Kisumu, Kakamega, Webuye na Kitale, kisha inapanda hadi Turkana kuelekea Sudan Kusini. A2 iko katikati ya nchi, kutoka Nairobi kwenda Isiolo, Marsabit na Moyale. A3 iko mashariki zaidi, kutoka Thika kwenda Garissa na Liboi. Moja, mbili, tatu, kutoka upande wa ziwa hadi upande wa Somalia.

Daraja B linafuata mkondo uleule. B1, B2, B3, B4 na B5 zote ziko Bonde la Ufa na magharibi, ingawa B5 inaishia Nyeri. Ukifika B6 uko Embu na Meru, B8 uko Garissa na pwani, na B9 inakwenda Mandera. Kwa hiyo mtu wa Kisumu akisema sisi ndio tuliopewa nambari za kwanza, amesema kweli, na sababu ni kwamba hesabu ilianzia upande wetu.

A104 ilikwenda wapi? A8 ni barabara mpya?

A8 ni jina jipya la barabara ya zamani. Mpaka 2016, barabara ya Mombasa hadi Nairobi iliitwa A109, na ile ya kutoka Namanga, Nairobi, Naivasha, Nakuru, Eldoret, Webuye hadi Malaba iliitwa A104. Mpango uliotangazwa Januari 2016 uliunganisha A109 na kipande cha A104 cha kutoka Nairobi hadi Malaba, vikawa barabara moja kutoka bandarini hadi mpaka wa Uganda: A8. Kipande cha Namanga kikaingizwa kwenye A2, ambayo sasa inakata nchi nzima kutoka Namanga hadi Moyale.

A1 ilibaki na nambari yake.

Bado utakutana na A104 kwenye vibao vya zamani, kwenye ramani za simu, na katika mazungumzo ya watu waliosoma jiografia kabla ya mabadiliko hayo. Si kosa. Mtu akikutajia A104 akiwa Gilgil, Salgaa au Timboroa, anazungumzia A8.

## Mpangilio unaoonekana kama sadfa

Ni kweli kwamba B1, B2 na B3 zote zinafanya kazi moja?

Ni kweli, na watu wachache wameliona hili. A1 na A104 za zamani ni kama miti miwili ya ngazi iliyosimamishwa magharibi mwa nchi. Vipago vyake ni B tatu za kwanza. B3 inatoka upande wa Mai Mahiu, inapita Narok na Bomet, na kukutana na A1 pale Kisii. B1 inaachana na A104 pale Mau Summit, inashuka Kericho, na kukutana na A1 pale Ahero. B2 inaachana na A104 pale Leseru, mbele kidogo ya Eldoret, na kukutana na A1 pale Kitale.

Kila moja inatoka kwenye njia ya Nairobi na kuishusha nchi hadi kwenye A1. B1 peke yake ndiyo inayovuka A1 na kuendelea mbele hadi mpaka wa Uganda, kupitia Maseno, Luanda, Ugunja na Bumala hadi Busia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ilistahili kuwa ya kwanza katika daraja lake, hata kama hesabu ya magharibi kwenda mashariki isingekuwepo.

Na B4 na B5?

Zote mbili zinaanzia Nakuru. B4 inakwenda kaskazini kupitia Mogotio na Marigat. B5 inapanda Subukia na Nyahururu hadi Nyeri. Nambari mbili zinazofuatana kutoka mji mmoja si ajabu ukikumbuka namna ya kuhesabu: aliyekuwa akienda mashariki na kalamu yake alifika Nakuru na kukuta barabara mbili zinazosubiri nambari.

Kwa nini kati ya Ahero na Kisumu barabara moja ilikuwa na nambari mbili?

Kwa sababu A1 kutoka Kisii na B1 kutoka Kericho zinakutana Ahero na kuingia mjini zikiwa kitu kimoja, kupitia Nyamasaria. Baada ya Kisumu zinatengana: A1 inapanda kuelekea Kiboswa na Kakamega, B1 inafuata ziwa hadi Kisian na kuendelea Maseno. Katika kipande cha pamoja, nambari ya daraja la juu ndiyo inayotangulia, kwa hiyo kwenye ramani nyingi utaona A1 imeandikwa pale.

Jambo kama hili hutokea pia Webuye, ambako A1 na A104 zinakutana. Webuye ni mji wa kiasi, lakini ndiyo njia panda pekee huku magharibi ambako barabara mbili za daraja A zilipitana katika mpango wa zamani. Dereva anayetoka Mombasa akielekea Juba kupitia Lodwar anaweza kugeukia kaskazini hapo.

## Sadfa zinazotajwa sana

Nitajuaje kama kitu ni sadfa ya kweli au ni mpango?

Jiulize maswali mawili. Je, nambari hizi mbili zilitolewa na watu waliokuwa na sababu ya kuwasiliana? Na je, zote mbili zinafuata kitu kimoja cha tatu, kwa mfano mpangilio wa ardhi yenyewe? Ukijibu ndiyo kwa la kwanza, huo ni mpango. Ukijibu ndiyo kwa la pili, ni mfanano wenye chanzo kimoja, hata kama hakuna aliyeukusudia. Ukijibu la kwa yote mawili, hapo una sadfa.

Kumbuka pia kwamba nambari ndogo ni chache na barabara ni nyingi. Dunia nzima inagombania 1 hadi 10. Kufanana kwa nambari ndogo hakuna uzito mkubwa. Kufanana kwa nambari kama 104 kunahitaji maelezo, na maelezo hayo yapo (tazama sehemu ya kuvuka mpaka).

Je, nambari za simu za mezani zinapangana na A1?

Ndiyo, na hii ndiyo bora kuliko zote ninazozijua. Chukua zile tarakimu za mwanzo za simu za mezani, ambazo bado utaziona kwenye vibao vya maduka ya zamani na kwenye barua za ofisi. Anza kaskazini ufuate A1 kuteremka. Kitale ni 054. Webuye, ikiwa upande wa Bungoma, ni 055. Kakamega ni 056. Kisumu ni 057. Kisii ni 058. Ukifika Migori uko kwenye 059, ambayo inatumika pia Homa Bay.

Sita mfululizo bila kuruka hata moja, kwenye barabara moja. Nenda kaskazini na zinapungua, nenda kusini na zinaongezeka.

Waliotoa nambari za simu walikuwa watu wa posta na simu, waliotoa nambari za barabara walikuwa watu wa ujenzi, na hakuna kinachoonyesha kwamba mmoja alimtazama mwenzake. Lakini hii si sadfa tupu. Kundi la 05 liligawiwa Bonde la Ufa na magharibi, na hesabu yake ikazunguka: 050 Naivasha, 051 Nakuru, 052 Kericho, 053 Eldoret, halafu 054 Kitale na kuteremka hadi 059. Aliyezunguka hivyo hakuwa na njia nyingine ya kuteremka kutoka Kitale hadi Migori isipokuwa kufuata miji, na miji imepangwa kando ya A1. Hicho ndicho kitu cha tatu nilichokitaja katika jibu lililotangulia.

Sehemu ya kwanza ya mzunguko huo haikufuata barabara moja. Ukisafiri kutoka Naivasha kwenda Nakuru hadi Eldoret unapata 050, 051, kisha 053. Kericho, yenye 052, iko pembeni kwenye B1.

Vipi kuhusu nambari za kaunti?

Hapa mambo yanakwenda kinyume, na inafaa kujua sababu. Barabara zilihesabiwa kutoka magharibi. Kaunti zilihesabiwa kutoka pwani: Mombasa ni 1, na orodha iliyo katika Jedwali la Kwanza la Katiba inafuata mikoa ya zamani. Pwani ina 1 hadi 6, Kaskazini Mashariki 7 hadi 9, Mashariki 10 hadi 17, Kati 18 hadi 22, Bonde la Ufa 23 hadi 36, Magharibi 37 hadi 40, Nyanza 41 hadi 46, na Nairobi inafunga kwa 47.

Kwa hiyo A1, barabara ya kwanza, inapita kwenye kaunti za mwisho. Ukitoka Isebania unapita Migori 44, Kisii 45, Homa Bay 43 pale Oyugis, Kisumu 42, Vihiga 38, Kakamega 37, Bungoma 39, Trans Nzoia 26, West Pokot 24, na kuishia Turkana 23. Nambari zinashuka kadiri unavyopanda ramani, isipokuwa mara mbili.

Watu huuliza pia kama nambari ya barabara hufanana na ya kaunti inayopita. Jibu ni hapana. Kaunti ya 23 ni Turkana, lakini A23 iko mbali kabisa: inatoka Voi kwenda Taveta, katika kaunti ya 6. Kaunti ya 14 ni Embu, na A14 ni barabara ya Mombasa hadi Lunga Lunga. Kama ulitumaini kutumia moja kukumbuka nyingine, acha.

Msimbo wa posta je?

Huo una mantiki ndogo tu inayogusa barabara. Nakuru ni 20100, Eldoret 30100, Kisumu 40100, Kakamega 50100. Ukitoka Nairobi kwenye A8, tarakimu ya kwanza inakwenda 0, 2, 3, na kufika Bungoma 50200. Ile 4 iko upande wa ziwa, nje ya njia.

Je, ni kweli A1, A2 na A3 zote zinavuka ikweta?

Kweli. A1 inaivuka kati ya Kisumu na Kakamega, A2 pale Nanyuki penye wauza vinyago na maonyesho ya maji kwenye beseni, na A3 upande wa mashariki kati ya Garissa na Liboi. A104 pia inaivuka, juu kabisa kwenye baridi kati ya Mau Summit na Timboroa.

Katika B, B1 inaivuka Maseno, ambako kibao chake kimepigwa picha na karibu kila mwanafunzi aliyepita hapo. B4 inaivuka Mogotio. B5 ndiyo ya pekee: Nakuru iko kusini mwa mstari, Nyahururu iko kaskazini kwa kilomita chache tu, na Nyeri iko kusini tena, kwa hiyo ukisafiri B5 yote utavuka ikweta mara mbili na kumaliza upande uleule ulikoanzia. B2 na B3 haziigusi kabisa. Ya kwanza iko kaskazini yote, ya pili kusini yote.

Hakuna siri hapa. Ikweta inakata nchi katikati na barabara nyingi kubwa zinakwenda kaskazini na kusini. Lakini B5 inastahili kutajwa kila mara.

## Kuvuka mpaka

Nimeona A104 Tanzania pia, pale Arusha. Ni sadfa?

Sivyo. Ni barabara ileile. A104 ya Kenya ilifika Namanga, na upande wa pili ikaendelea kwa nambari hiyohiyo hadi Arusha, Dodoma, Iringa na Tunduma kwenye mpaka wa Zambia. A23 nayo inavuka: Voi hadi Taveta kwetu, kisha Holili, Himo na Moshi kwao. A14 inavuka pale Lunga Lunga na Horohoro kuelekea Tanga.

Nambari hizi zimeruka juu, mbali na 1, 2 na 3 za kwetu, pengine kwa sababu zilipaswa kukubalika pande zote mbili za mpaka. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikuwepo kuanzia 1967 hadi 1977, ikiendesha reli, bandari, posta na ndege kwa pamoja. Jumuiya ilivunjika, nambari zikabaki barabarani. Baadaye Tanzania iliingia kwenye mfumo wake wa T, ambamo barabara ya Namanga ni T2, na Kenya ikaja kuiacha A104 mwaka wa 2016. Kwa hiyo kielelezo kizuri cha ushirikiano ule kimefutwa kutoka pande zote mbili, na mimi nasikitika kwa hilo.

Basi kwa nini A1 haivuki Isebania?

Kwa sababu A1 ni ya hesabu ya ndani ya Kenya. Upande wa Sirari barabara ya kwenda Musoma na Mwanza ina nambari nyingine, leo T4. Hapo lami inaendelea, nambari inakatika.

Uganda kuna A109. Ni ile yetu ya Mombasa?

Nambari ni moja, njia ni tofauti. A109 ya Kenya iliishia Nairobi. A109 ya Uganda inapita Kampala kwenda Masaka na Mbarara. Katikati yake, kwetu, kulikuwa na A104. Ukitazama hali hiyo kwenye ramani moja inachanganya, lakini madereva wa mizigo wa Mombasa hadi Kigali walikuwa wakiianza safari kwenye A109 na kuimalizia Uganda kwenye A109 nyingine.

A8 ya Kenya na Barabara Kuu ya Afrika nambari 8 ni kitu kimoja?

Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi ya Afrika ina mpango wa barabara tisa za bara zima. Ya nane inatoka Lagos hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 6,000, kupitia Kamerun, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kongo na Uganda. Inaingia Kenya Malaba na kupita Eldoret, Nakuru na Nairobi hadi bandarini. Yaani njia yake Kenya ndiyo A8 yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nane juu ya nane.

Ya nne katika mpango huo inatoka Cairo kuelekea kusini mwa Afrika. Kwetu inaingia Moyale na kutoka Namanga, njia ambayo leo ni A2. Lakini fuata upande wa Tanzania katika mpango wa zamani: Arusha, Dodoma, Iringa, Tunduma. Hiyo ni A104, yenye 4 mwishoni. Huko Kenya A104 ilikuwa imebeba barabara mbili za bara kwa mpigo: ya nne kusini mwa Nairobi, na ya nane magharibi mwake. Ile 4 ya mwisho naihesabu kuwa sadfa. Tarakimu za mwisho ni kumi tu, na kitu lazima kiangukie mahali.

## Mbali na nyumbani

Ndugu yangu London anasema anaishi karibu na A104. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. London ina A104 inayotoka Islington kuelekea upande wa Epping, na kaskazini mwa jiji kuna A109 pia. Uingereza iligawanya nchi katika maeneo yanayopangwa na barabara zinazotoka London: A1 kwenda Edinburgh, A2 kwenda Dover, na kuendelea kwa mzunguko wa saa. Barabara iliyo mashariki ya A1, kaskazini mwa mto Thames, hupewa nambari inayoanza na 1. Kwa hiyo 104 yao inasema "niko eneo la kwanza".

Nambari mbili zilizotolewa kwa sababu tofauti kabisa, katika nchi mbili, na bado zikawa jozi: 104 na 109 hapa, 104 na 109 kule. Kwa vipimo vya jibu la sadfa hapo juu, hii inapita.

A1 iko nchi ngapi?

Nyingi mno kuweza kuhesabu kwa faida. Ya Uingereza nimeitaja. Italia inayo kutoka Milan hadi Naples, Sri Lanka kutoka Colombo hadi Kandy, Botswana kupitia Gaborone na Francistown. Kila anayehesabu huanza na moja, kwa hiyo kufanana huku hakuna maana yoyote.

Nchi nyingine zina sadfa kama hizi?

Marekani ndiyo yenye hazina. Wana mifumo miwili mikubwa inayohesabiwa kinyume: katika barabara za zamani za kitaifa, nambari witiri zinaanzia mashariki, na katika zile za kisasa zinazounganisha majimbo zinaanzia magharibi. Walifanya hivyo makusudi ili nambari zinazofanana zikae mbali. Kwetu, barabara na kaunti zimepishana vivyo hivyo bila mtu kukusudia.

Mfano wao ninaoupenda ni barabara ya 76, ambayo ina vipande viwili visivyogusana. Kimoja kinapita Philadelphia, mji ambako Azimio la Uhuru lilipitishwa mwaka wa 1776. Kingine kiko Colorado, jimbo lililoingia kwenye muungano mwaka wa 1876. Ya Colorado ilichaguliwa katika miaka ya 1970 kwa kuiheshimu miaka hiyo. Ya Philadelphia ilipata nambari yake katika miaka ya 1960 kwa mpangilio wa kawaida wa hesabu.

## Maswali ya pembeni

Kwa nini barabara ya Mai Mahiu inaitwa A8 Kusini kwenye hati za mradi?

Kutoka Rironi kuna njia mbili za kufika Naivasha. Ya juu ndiyo A8 yenyewe. Ya chini inateremka bonde kupitia Mai Mahiu, na ndiyo inayotumiwa sana na malori. Kwenye hati za mradi wa Rironi hadi Mau Summit njia hiyo ya chini, ya kilomita zisizofika sitini, imeandikwa A8 Kusini. Ni barabara mbili zinazobeba nambari moja, jambo lililo kinyume na lile la Ahero. Mtu akikwambia ajali imetokea A8 karibu na Naivasha, muulize ni ya juu au ya chini.

Je, wenyeji wanatumia nambari hizi kweli?

Kwa nadra. Mtu wa Kisumu husema "barabara ya Kakamega" au "ya Busia", na makanga hutaja miji. Wanaotumia nambari ni wahandisi, wanakandarasi, polisi wa trafiki wanapoandika ripoti, na sisi tunaopenda ramani. Hata hivyo zinafaa kujulikana, hasa unaposoma tangazo la kufungwa kwa barabara, kwa sababu matangazo rasmi huandikwa kwa nambari na wengi huyapita bila kujua kuwa yanahusu njia yao.

Nikipatwa na dharura barabarani, nitaje nambari ipi?

Piga 999 au 112, utaje jina la mahali kwanza: soko, shule, daraja au kituo cha mafuta kilicho karibu. Kisha taja nambari mpya, na kama una shaka, taja na ya zamani. Ongeza miji miwili uliyo kati yake na upande gari lilikokuwa linaelekea, kwa mfano kati ya Mau Summit na Timboroa, upande wa Eldoret.